Sifa za Mtunga Kamusi

Anayetaka kujua uzito wa kazi ya mtunga kamusi atazame kitenzi kidogo cha Kiingereza, set. Jua huzama kwa kitenzi hicho, meza huandaliwa, saruji hukauka, mtego hutegwa. Toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, la mwaka 1989, linakipa maana 430. Hakuna aliyezibuni mezani. Wasomaji wa kujitolea waliokota sentensi vitabuni, wakaziandika kwenye vikaratasi, na wahariri wakavipanga na kuvipangua mpaka kila maana ikapata mahali pake.

Naupenda ufundi huu kwa kuwa unamheshimu msemaji. Mtunga kamusi hamkaripii mtu. Humsikiliza, akamwelewa, kisha akaitafuta njia iliyolifikisha neno hapo.

Lubumbashi inamhitaji fundi huyo. Hapa mama akimwambia mtoto "tosha viatu", anamtaka avivue. Mgeni wa kutoka Dodoma, ambaye kwake kutosha ni kufikia kiasi kinachohitajika, hudhani tumekosea. Mtunga kamusi angetulia. Waka huzaa washa, shuka huzaa shusha. Basi toka imezaa tosha, yaani fanya kitu kitoke. Sarufi iko upande wa mama. Kamusi ingelipa neno lake kidahizo, na sentensi yake ingekuwa mfano chini ya kidahizo hicho.

Hata neno jamaa lina historia yake hapa Katanga. Tangu miaka ya 1950 limekuwa pia jina la kundi la Wakatoliki lililotokana na mafundisho ya Padri Placide Tempels, likaenea miongoni mwa wafanyakazi wa migodi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza kundi hilo, na mwaka 1973 akachapisha makala nzima kuhusu namna wafuasi wake walivyolielewa neno kazi.

Naye André Yav, mwaka 1965, aliandika kwa Kiswahili cha hapa kitabu alichokiita Vocabulaire de ville de Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi. Jina la kitabu laahidi msamiati. Ndani mna historia ya mji kama walivyoijua watumishi wa majumbani. Sioni kinyume hapo: anayeeleza maneno ya watu kwa uaminifu hueleza pia walivyoishi.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nendeni sokoni, migodini na makanisani mkiwa na kalamu. Andikeni neno, sentensi yake, mahali na mwaka. Kiswahili cha mji huu kinastahili subira ileile iliyopewa set.