Mtungi Chini ya Boneti

Kutoka Malindi hadi Minjila baridi ilikuwa tele garini. Tulipoegesha Garsen mjini, injini ikiunguruma, nikimngoja abiria wangu anunue maembe, upepo ukageuka. Haikupita muda AC ikawa inapuliza joto kama mdomo wa tanuri. Nikasogeza gari, likashika mwendo, baridi ikarudi. Niliposimama tena ikatoweka.

Hapo wengi wetu husema, "Gesi imeisha," tukaenda kujaziwa. Nimewahi kulipia gesi mara mbili kwa hitilafu isiyohusiana na gesi hata kidogo. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka nenda miaka rudi, na ikipungua sana ujue kuna inapovuja. Atakayekujazia bila kutafuta tundu amekuuzia baridi ya siku chache.

Anayetaka kuielewa kazi hii na aanze na mtungi. Maji hupenya ukuta wa udongo, yakageuka mvuke, mvuke ukaondoka na joto, na yaliyobaki ndani yakapoa. AC ni mtungi usiopoteza mvuke wake. R134a, gesi iliyomo katika magari yetu mengi, katika hewa ya kawaida huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Nyuma ya dashibodi inachemka na kulibeba joto la abiria, kompresa inaikandamiza, kondensa iliyo mbele ya rejeta inalitema joto hilo nje, na gesi inarudi kuwa majimaji. Kwa Garsen kazi ngumu ni hiyo ya kutema, maana hewa ya nje nayo ni moto, na vumbi la njia za ndani hujaa kwenye mapezi ya kondensa.

Basi tazama dalili ilivyosema. Gari likienda, upepo wa barabara hupita kwenye kondensa. Likisimama, feni ndiyo tegemeo. Nilijua pa kwenda kabla sijashika chombo chochote, na hapo ndipo uzuri wa ufundi huu ulipo: unasikiliza kwanza, mkono unafuata.

Nikasogea chini ya mwarobaini, nikafungua boneti. Nikawasha AC, klachi ya kompresa ikalia tak, ikashika. Feni kimya. Nikamimina kopo la maji taratibu juu ya kondensa, na abiria wangu, kiganja kikiwa kwenye tundu la dashibodi, akasema, "Imerudi, kaka." Basi gesi imo na kompresa inafanya kazi. Nikazima injini, nikachomoa fyuzi ya feni na kuiinua juani: kijiwaya chake kizima. Ikabaki relei, swichi inayopeleka umeme kwenye feni. Kwenye kisanduku cha fyuzi zilikuwapo kadhaa zenye namba moja na miguu iliyopangwa sawa. Ya honi ilikuwa karibu zaidi, lakini honi haiazimwi Tana River. Ng'ombe wa Waorma huvuka lami watakapo. Nikaazima ya taa za ukungu, nikawasha. Feni ikavuma.

Sikufungua bomba hata moja, na kujizuia huko nakuhesabu kuwa nusu ya ufundi. Majimaji ya gesi hiyo yakigusa ngozi huiunguza kwa baridi. Ikiachiwa hewani, kilo yake moja huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,300 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Huniuma kuona bomba likilegezwa ovyo ili gesi itoke, na huniuma zaidi katika bonde hili ambalo watu wake hufukuzwa na ukame, kisha mto ukafurika ukawahamisha tena. Kama kuna uvujaji, mara nyingi doa la mafuta kwenye maungio litakuonyesha, au povu la sabuni litatokota. Ukishauona, mtafute fundi mwenye mashine ya kufyonza gesi, na umwonyeshe mahali penyewe kwa kidole.

Maembe yaliwekwa nyuma, tukashika njia ya Witu. Wiki iliyofuata nilinunua relei mpya Malindi na kuirudisha ile ya taa mahali pake. Gesi iliyomo ni ileile.