Heko kwa Wavunjaji wa Citroën

Wastahiki taadhima mafundi wa Ufaransa wanaoyavunja magari ya Citroën yaliyokwisha umri, kwani baadhi ya magari hayo, tangu ile DS iliyodhihirishwa Paris mwaka 1955 kwa maarifa ya Paul Magès, hayakuegemea springi za chuma, bali mafuta yaliyoshindiliwa pamoja na naitrojeni iliyofungiwa katika matufe. Na shinikizo hilo, lifikalo zaidi ya mara 150 ya lile la hewa, laweza kusalia mle hata baada ya injini kunyamaza.

Kwa hiyo fundi mwenye hadhari haingii uvunguni kwa pupa. Kwanza huuweka mkono wa kurekebishia kimo chini kabisa, gari likatua. Kisha huilegeza skrubu ya kidhibiti cha shinikizo, kidogo tu, bila kuing'oa, hata ausikie mvumo wa mafuta yakirejea tangini. Halafu huikanyaga breki mara nyingi ili kuimaliza akiba, ilhali ajua kuwa uzi mwembamba wa mafuta ya kasi hupenya ngozi kama sindano. Hata hapo haghafiliki, maana mafuta yakiisha nguvu, naitrojeni ingalimo nyuma ya utando wake, na tufe lisilotobolewa kwa utaratibu halifai kutiwa motoni.

Watu aghlabu huwasifu waundaji na kuwasahau wavunjaji. Sisi twawapa heko hawa, ambao ustadi wao huonekana katika madhara yasiyotokea, na ambao subira yao huwarejesha majumbani salama.