Baada ya Gazeti Kupigwa Chapa

Siku hizi sinema hazikai mijini tu. Zafika hata kwetu Chapwa, ndani ya simu za vijana, na katika vibanda vya picha karibu na barabara kuu, ambamo madereva wa malori wangojao kuvuka mpaka wa Tunduma huketi kutwa wakitazama. Aghalabu ni picha za vita na ngumi. Lakini iko aina nyingine ambayo wasomaji wetu wameanza kuulizana habari zake, nayo ni sinema za waandishi wa magazeti wanaofichua maovu ya watu wenye cheo, ama serikalini, ama katika makampuni makubwa, ama ndani ya Kanisa lenyewe. Wako wasemao ya kwamba hiyo ni kazi ya adui za dini. Wako na wasemao ya kwamba kila Mkristo hana budi kuzitazama. Mimi nikitazama picha ya namna hii natafuta jambo moja kwanza: yamtendeaje yule mnyonge aliyefungua kinywa chake akasema?

Mtindo wa sinema hizi ulipata umbo lake mwaka 1976 katika picha iitwayo All the President's Men, ihusuyo waandishi wawili wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, waliofuata habari ya wezi walioingia katika jumba la Watergate mwaka 1972, hata Rais Nixon akajiuzulu mwezi wa Agosti 1974. Tangu hapo njia ni ile ile. Mwandishi apata fununu, mlango wafungwa usoni pake, mkubwa wake ana shaka, karatasi yaonekana, mashine zalia, picha yakwisha. Hata She Said ya mwaka 2022, ambayo yasifiwa kwa haki kwa jinsi inavyowaheshimu wanawake walioumizwa, inakoma papo hapo habari inapotolewa. Mtazamaji huondoka akiamini ya kwamba gazeti likitoka kazi imekwisha. Kumbe kwa yule aliyesema, siku hiyo ndiyo mambo yaanza.

Iliyo bora katika aina hii, kwa maoni yangu, ni Spotlight, aliyoitengeneza Tom McCarthy mwaka 2015, ikapata tuzo ya Oscar ya picha bora mwaka 2016. Ni habari ya kweli. Katika mji wa Boston, huko Marekani, waandishi wa gazeti la Boston Globe walichunguza mwaka 2001 habari za mapadri walionajisi watoto, na za wakubwa wao waliojua, wakawahamisha kutoka parokia moja hata nyingine bila kuwaonya wazazi. Habari ya kwanza ilitoka tarehe 6 Januari 2002, juu ya padri mmoja aliyelalamikiwa na watu zaidi ya 130. Katika mwaka ule mmoja gazeti lilitoa habari karibu 600 juu ya jambo hilo, na tarehe 13 Desemba Kardinali Law, Askofu Mkuu wa Boston, akajiuzulu. Mwisho wa picha twaambiwa ya kwamba mapadri na mabruda 249 wa jimbo lile walitajwa hadharani.

Asiyeiona asidhani kwamba ni picha ya aibu. Hakuna tendo ovu hata moja linaloonyeshwa. Twaona watu wazima tu, wameketi mezani, wanatafuta maneno. Katika mahali pamoja mwandishi mwanamke, Sacha Pfeiffer, azungumza na mtu aliyeharibiwa utotoni. Mtu yule apita juu juu, ataja jambo kwa neno la adabu. Mwandishi amwambia kwa upole ya kwamba neno hilo halitoshi, kwa kuwa wasomaji wapaswa kujua hasa kilichotendeka. Mahali hapo pananipendeza kuliko pote, tena panatuhusu sana. Sisi nasi tu hodari wa kufunika kwa maneno. Twasema mtoto “amechezewa”, ama twasema “yaliyotokea nyumbani kwa mwalimu”, kisha wazee wa pande mbili huketi, mbuzi hutolewa, na mtoto hurudi darasani kwa mwalimu yule yule. Lugha yetu ina adabu nyingi, nami naipenda adabu hiyo, lakini iko siku ambapo yamfaa mkosaji peke yake.

Tena picha hii yaonyesha kazi ilivyo kweli, yaani kazi ya kuchosha. Hakuna bastola wala mbio za magari. Jimbo lile lilikuwa likitoa kila mwaka kitabu chenye majina ya mapadri na mahali pao pa kazi. Waandishi wakatambua ya kwamba mapadri walioshitakiwa waliandikwa kuwa wako katika “likizo ya ugonjwa”, au kwamba hawajapangiwa kazi. Basi wakaketi na vitabu vya miaka mingi, rula mkononi, wakishuka mstari kwa mstari, hata wakapata majina 87. Nadhani mtu wa kibanda akiiona sehemu hii ataisogeza mbele upesi. Lakini hapo ndipo penye uzito wa habari yote, maana wakubwa wale hawakukamatwa kwa maneno ya adui. Walikamatwa kwa kitabu walichokiandika wao wenyewe.

Na gazeti halikuachwa bila lawama. Mtu mmoja aliyeumizwa, Phil Saviano, awaletea waandishi sanduku la karatasi, nao wagundua ya kwamba aliwahi kuwapelekea habari hizo zamani wala hawakuzijali. Kisha mkuu wa kundi, Walter Robinson, aona ya kwamba majina ya mapadri kadhaa yaliletwa gazetini mwaka 1993, wakati yeye mwenyewe alipokuwa mhariri wa habari za mji, na habari ile ikazikwa ndani ya gazeti. Sinema chache za aina hii zina ujasiri wa kumpa shujaa wake sehemu ya hatia.

Walakini, hata Spotlight yawaacha walioumizwa mapema mno. Wanakuja, wanalia, wanakwenda zao. Asubuhi ya gazeti twasikia simu zikilia ofisini, watu wengine wakitaka kusema ya kwao, nasi twafurahi. Lakini hatuonyeshwi mtu wa kwanza aliamkaje asubuhi ile, na jirani yake alimsalimu au la.

Iko hatari nyingine ambayo sinema hizi za Marekani haziigusi, nayo tuliiona katika jambo lililohusu Kenya. Tarehe 23 Mei 2011 televisheni ya taifa ya Ireland, RTÉ, ilionyesha picha ya uchunguzi iitwayo Mission to Prey, juu ya maovu ya wamisionari wa Ireland katika Afrika. Ndani yake padri mmoja alituhumiwa ya kwamba mwaka 1982, alipokuwa akifanya kazi Kenya, alimnajisi msichana akazaa naye mtoto. Mwandishi alimvizia na kamera siku ya komunyo ya kwanza ya watoto parokiani kwake. Padri alikana. Tena alisema yu tayari kupimwa vinasaba kabla ya picha kuonyeshwa. Hawakungoja. Picha ikaonyeshwa, padri akaondoka parokiani na nyumbani kwake, na vipimo vilipofanyika vikaonyesha kwamba yeye si baba wa mtoto yule. Televisheni ikaomba radhi, ikamlipa fidia, na mwaka 2012 ikatozwa faini ya yuro 200,000.

Fikirini jinsi jambo lile lingependeza katika sinema: mwandishi shujaa, kamera mkononi, amkabili padri mbele ya waumini. Mtazamaji angepiga makofi. Kumkabili mtu kwa ghafula huonekana kama ushujaa, na kungoja majibu ya kipimo huonekana kama uvivu. Aliyedhulumiwa na haraka ile si padri peke yake. Mtoto wa kike wa Kenya au wa Songwe atakayekuja kesho na habari ya kweli ataambiwa: mwamkumbuka yule padri aliyesingiziwa?

Hapa kwetu Tanzania tunayo picha yetu, ijapokuwa aliyeitengeneza ni mgeni. Ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004, nayo yahusu Mwanza, minofu ya sangara inayopelekwa Ulaya kwa ndege, na swali la mizigo ambayo ndege hizo huileta zijapo Afrika. Ndani yake yumo mwandishi wa habari Mtanzania, Richard Mgamba, anayeeleza habari za silaha. Kwa dakika chache yeye ndiye mwenye akili tulivu katika picha yote. Ilishindaniwa tuzo ya Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete akaikemea hadharani, akisema yaichafulia nchi jina, na Mgamba akapata misukosuko, hata akatishiwa kufukuzwa nchini. Iwapo picha ile yasema kweli yote juu ya silaha, watu wameshindana sana, na mimi naona ya kwamba Sauper ameonyesha njaa na vichwa vya samaki kwa ushahidi bora kuliko alivyoonyesha bunduki. Lakini angalieni nani alikuwa wapi. Mtengenezaji alikuwa Ulaya, anapokea sifa na lawama. Mgamba alikuwa nyumbani.

Tofauti hii ndiyo isiyojulikana na watengenezaji wa Marekani. Katika Spotlight jambo baya kuliko yote linalompata mwandishi ni mlango kufungwa kwa kishindo. Msomaji anayesafiri kutoka Tunduma kwenda Iringa kwa basi hupita Nyololo, wilaya ya Mufindi. Hapo, tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa chama cha waandishi wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye, polisi wakiwa wamemzunguka, na picha zikapigwa. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Na Azory Gwanda, aliyeandika habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alichukuliwa mwezi wa Novemba 2017 wala hajaonekana tangu hapo. Sinema itakayosimulia habari za watu hawa haitaweza kukoma kwenye mashine ya kupiga chapa.

Nimeulizwa kama Spotlight yafaa kuonyeshwa kwa wazee wa kanisa na walimu wa shule, bila watoto kuwapo. Yafaa, lakini si kwa njia ya kibandani, ambapo mfasiri huongeza ngumi pasipo na ngumi. Na ikionyeshwa naomba isimamishwe mahali pale penye rula na vitabu, taa iwashwe, kisha kitabu chetu wenyewe cha washirika na cha walimu kiletwe mezani, tutazame ni majina gani yaliyoandikwa “amehamishwa”, na nani kati yetu ajuaye sababu.