Niwekee Nyimbo

Mteja huweka mezani redio ndogo ya Kichina, ile yenye tochi, vitufe vya namba na tundu la memori kadi, kisha husema, "Niwekee nyimbo." Hasemi zipi. Katika vibanda vya kuchajia simu vya Lokori, huko Turkana nchini Kenya, sawa na vile vya Lodwar na Kakuma, wapita njia hudhani kilichobaki ni kuchomeka kadi, kunakili na kupokea hela. Anayedhani hivyo hajawahi kukaa benchini na fundi anayeijua kazi yake.

Swali la kwanza la fundi halihusu muziki. Huuliza redio itakaa wapi. Ikiwa ni ya kinyozi, itapigwa kutwa nzima na wasikilizaji watabadilika kila saa, kwa hiyo ajaze bongo fleva, rege na rumba ya Kongo bila kujali zinavyofuatana. Ikiwa ni ya mama wa kanisa, kuna injili ya Kiturkana na ya Kiswahili, na ole wake akichanganya humo wimbo mmoja wa baa. Lakini ikiwa ni ya mchungaji anayeondoka na mbuzi kuelekea malishoni, fundi hupunguza mwendo. Huyu atasikiliza kadi hiyo hiyo kwa majuma mengi, bila mtandao na bila duka la karibu. Wimbo mbaya utamsumbua kila siku saa ile ile.

Kisha huja ufundi wenyewe, na hapa naomba msomaji avumilie mambo madogo. Kompyuta hupanga majina ya nyimbo kwa alfabeti. Nyingi ya redio hizi za bei nafuu haziijui alfabeti: hucheza faili kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye kadi. Ukiburuta folda nzima kwa mkupuo, huna hakika ipi itatangulia. Kwa hiyo fundi makini hunakili wimbo mmoja mmoja, wa kwanza kwanza, akingoja kila mmoja umalizike. Ukifuta wimbo kwenye kadi ya zamani, unaacha pengo, na wimbo mpya unaweza kwenda kujibana katika pengo hilo, ukatokea wa tatu ilhali ulitaka uwe wa mwisho. Ndiyo maana huhamishia kila kitu kwenye kompyuta, akaisafisha kadi yote, ndipo akaanza upya.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Kwa sababu mteja asiyejua kusoma huujua wimbo kwa namba yake. Hubonyeza 2, kisha 7, na wimbo anaoupenda unaanza. Akirudi kuongezewa nyimbo, fundi mzuri huziacha zile za mwanzo palepale zilipokuwa na kuziongeza mpya mwishoni. Fundi mbovu huvuruga namba zote, na mtu mzima anabaki akibonyeza redio yake kama mgeni. Nimesikia watu wa mjini wakisifu programu zinazokumbuka ulichosikiliza jana. Hii nayo ni kumbukumbu, ila imewekwa na mtu kwa mkono.

Kuna suala la sauti pia. Injili iliyotolewa kwenye kaseti ya zamani huwa chini, bongo fleva ya mwaka huu huwa juu, na kispika cha redio hizi ni kidogo mno: sauti ikizidi, kinakoroma. Kuna programu ya bure iitwayo MP3Gain inayosawazisha sauti ya faili bila kuikandamiza upya. Asiye nayo hutumia masikio, huku kidole kikiwa kwenye kitufe cha kupunguza. Wala hahangaiki na faili nzito. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki huchukua karibu megabaiti moja, kwa hiyo kadi ya GB 4 hubeba nyimbo 1,000 hivi za dakika nne nne. Kilobiti 320 katika kispika kile ni kumwaga maji mchangani.

Haya yote yanafanyika wakati tasnia ya muziki ikijivunia kwamba intaneti imemwondoa mtu wa kati. Mdundo, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2013, ilielewa mapema kwamba wengi hapa wanataka faili ya kubaki nayo kwenye simu. Boomplay ilisambaa sana kwa kuwekwa ndani ya simu za Tecno kabla hazijauzwa. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Zote zinahitaji bando, simu inayofaa na mtandao usiokatika, na mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, kando ya mto Kerio huenda asiwe na hata kimoja. Mtu wa kati hakuondoka. Alihamia kwenye kibanda cha kuchajia simu, na mzigo wake mpya huupata pale mtandao ulipo na nguvu, Lodwar kwa mfano, au kwa dereva aliyefika jana na flashi mfukoni.

Lokori haiko peke yake katika hili. Mwaka 2011 Mmarekani Christopher Kirkley alitoa mkusanyiko wa nyimbo alizozikuta kwenye memori kadi za simu huko Sahara, kaskazini mwa Mali, zikirushwa kutoka simu hadi simu kwa bluetooth. Watu wa mbali wakastaajabu. Fundi wa Turkana asingestaajabu hata kidogo. Karibu zaidi, Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, vijana wa mataifa mengi hurekodi katika vyumba vilivyotandikwa blanketi ukutani, na wimbo wao unaweza kusikika Australia na Kanada kupitia YouTube kabla haujafika Lokori kwa kadi.

Ninachokistaajabia mimi zaidi ni njia ya kinyume, pale wimbo unapotoka malishoni kuingia kwenye kompyuta. Mwanamume wa Kiturkana huimba sifa za maksai wake anayempenda, rangi yake na mpindo wa pembe zake, na katika ngoma huinua mikono kuziiga pembe hizo. Siku hizi rafiki humrekodi kwa simu, na simu huletwa kwa fundi. Rekodi imejaa upepo. Fundi huifungua katika Audacity, hupunguza mvumo wa chini kabisa, hukata sekunde za mwanzo ambapo mtu anauliza kama imewaka, kisha husikiliza tena. Kengele ya ng'ombe huiacha. Anayeijua kazi huwaelekeza hata wanaorekodi: upepo uupe mgongo, maiki uikinge kwa kipande cha nguo, usisimame karibu sana na wanaopiga makofi.

Sitamtetea fundi mbele ya sheria. Kunakili nyimbo za wengine na kutoza pesa bila leseni ni kosa nchini Kenya, na msanii wa Nairobi ana haki ya kukasirika. Sheria imejaribu kuwafikia wasanii kwingineko: marekebisho ya mwaka 2022 yaliagiza kwamba miito ya simu, kama ile ya Skiza, impe msanii asilimia 52 ya mapato au zaidi. Kadi ya Lokori haihesabiwi na yeyote. Mwimba maksai ndiye aliye mbali zaidi na hesabu hizo. Karibu na Lokori pako Namoratunga, makaburi ya kale yenye mawe yaliyochorwa alama zinazofanana na chapa za mifugo za leo. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kwamba mali hutiwa alama ya mwenyewe. Katika muziki wa kidijitali alama hiyo ni ISRC, msimbo wa herufi na tarakimu 12 unaofungwa kwenye rekodi. Bila huo, ni vigumu pesa za mtandaoni kumjua mwenye wimbo.

Fundi hatoi ISRC, lakini aliye bora huandika jina la mwimbaji na la mahali alikotoka katika jina la faili, hata kama mteja hasomi. Vyama vinavyokusanya mirabaha vingeanza na mafundi hawa. Wanajua nani aliimba, wimbo ulirekodiwa wapi na nani anauomba tena. Wapeni fomu na leseni wanayoweza kuimudu kabla ya kuwapelekea polisi.

Nawe ukipita Lokori, beba kadi isiyozidi GB 32, maana kabambe nyingi hazisomi kubwa kuliko hiyo. Lipa alichotaja, na usimharakishe.