Printa Rahisi, Kurasa Ghali

Kwa miaka mingi watengenezaji wa printa waliuza mashine kwa bei ya kutupa, faida wakaitafuta kwenye katriji. Huko Indonesia wateja walikataa: walipitisha mirija ndani ya printa na kuiunganisha na matangi ya wino waliyoyaweka nje. Mwaka 2010 Epson ikaisoma ishara hiyo, ikazindua hukohuko printa zenye matangi yanayojazwa kwa chupa. Mashine ikawa ghali zaidi, wino ukashuka bei.

Kipimo kilichobadilika ni gharama ya ukurasa. Tufanye ofisi inachapa kurasa 2,000 kwa mwezi. Printa ya kwanza ni shilingi 300,000. Katriji yake ya 200,000 hutoa kurasa 1,600, yaani shilingi 125 kwa ukurasa. Ya pili ni 700,000. Chupa ya 40,000 hutoa kurasa 4,000, yaani shilingi 10. Ile nyongeza ya 400,000 inarudi kabla ya kurasa 3,500, hata miezi miwili haijatimia.

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Tona nyeusi, yaani wino wa unga wa printa za leza, hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 19752, na ukurasa wa majaribio hufunikwa takriban asilimia 5 tu. Barua yenye nembo kubwa hula zaidi. Tena katriji inayokuja na printa mpya mara nyingi haijajazwa kikamilifu.

Hata hivyo, tangi halifai kila ofisi. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, wino hukaukia kwenye vichwa vya kuchapia, na kuvisafisha hula wino mwingine. Printa ya leza haina tatizo hilo, na maandishi yake hayachuruziki yakilowa. Ila hula mamia ya wati inapopasha moto, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta.

Usimamizi nao hauhitaji programu ya gharama. Kila mwisho wa mwezi chapa ukurasa wa hali wa printa. Unaonyesha jumla ya kurasa zilizokwisha kupita. Toa jumla ya mwezi uliotangulia, kisha gawanya gharama ya wino kwa kurasa zilizobaki. Printa iliyozidi wenzake kwa mbali ichunguzwe: ama inachapa mabango ya watu, ama wino unatoka na mtu. Seti kompyuta zote zichape pande mbili. Shikilia modeli moja au mbili, maana katriji za printa zilizokufa ni fedha iliyolala stoo.

Ukifika wakati wa kununua, kila muuzaji aandike bei ya mashine pamoja na ya wino wa miaka mitatu kwa kurasa ulizozihesabu. Hapo ndipo zabuni ya chini itakapojulikana.