Herufi Zinazoitwa za Kiafrika

Mwenye kungoja mpakani Kasumbalesa hana kazi ila kusoma. Magari makubwa ya shaba yamejipanga kuingia Zambia, na mengi yana neno lake: sala, jina la mtoto, onyo kwa wenye wivu. Hapo mwenzangu alinionyesha kitabu cha picha za Afrika. Jalada lake limeandikwa kwa herufi nene, kingo zake kama zimekatwa kwa shoka. Akasema, “Tazama, herufi za Kiafrika hizi.”

Sivyo. Herufi hizo zaitwa Neuland. Alizichonga Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923 katika mji wa Offenbach, akikata chuma moja kwa moja bila kuchora kwanza. Ndiyo maana hazilingani sawasawa, na ndio uzuri wake. Zina nguvu, nami sizidharau. Lakini hazikujifunza kitu kwa mchongaji wetu yeyote. Wachapaji wa ng’ambo ndio waliozivika Uafrika, kana kwamba kila kizito kisicholainishwa chatoka kwetu. Tena filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, yenye habari za mijusi mikubwa ya kale, jina lake limeandikwa kwa herufi hizo hizo. Je, mwenye kuzichagua amesema nini juu yetu, hata kama hakukusudia?

Kuiga si kosa. Gutenberg wa Mainz, alipochapa Biblia yake karibu na mwaka 1455, aliiga mkono wa waandishi wa vitabu vya ibada. Lakini aliiga alichokijua, kwa kazi ile ile.

Nasi tunao wa kuwatazama. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka mpaka huu, alichora mwaka 1973 na 1974 picha zaidi ya 100 za historia ya nchi, na ndani ya picha akaandika maneno kwa brashi, kwa herufi kubwa, kama mwandika vibao vya maduka. (Wengine humcheka kwa makosa ya Kifaransa; waache wacheke.) Herufi zile hazijifanyi za kale wala za porini. Zataka kusomwa na mpita njia, basi.

Mbele yetu lilisimama lori limeandikwa MUNGU ANAJUA. Nafasi ilimwishia mchoraji, hata A ya mwisho ikabanwa ubavuni. Nililisoma toka mbali, mwenzangu akiwa bado anatafuta miwani ili asome jina la mwenye kitabu.