Kutoka dirisha la kemisti hadi digrii ya famasia

Mtaani Mowlem, Nairobi, anayekupimia dawa nyuma ya nondo za kemisti huitwa "daktari" na kila mtu. Mara nyingi si daktari wala mfamasia. Ni fundi sanifu wa dawa, mwenye stashahada ya miaka 3. Akitaka kuwa mfamasia kamili, safari yake kwa nauli ni fupi: matatu hadi mjini, nyingine ya Ngong Road, ateremke Hospitali ya Kenyatta. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, kinachotoa stashahada, na idara za famasia za Chuo Kikuu cha Nairobi viko kilima kimoja, karibu na hospitali hiyo. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Kwa makaratasi ni miaka.

Wengi hukosea hesabu mwanzoni kabisa, wakidhani stashahada ni nusu ya digrii. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya tangu 1957, haioni hivyo: wafamasia wana rejista yao, mafundi sanifu wana orodha yao. Stashahada imeundwa kutoa mtu wa kuingia kazini kesho asubuhi, anayejua kusoma karatasi ya daktari, kuchanganya, kupima na kutunza stoo. Digrii humrudisha chini ya hayo yote: molekuli ilivyoundwa, ini linavyoivunja, kwa nini kipimo cha mzee si cha kijana. Ndiyo maana wengi wenye stashahada huanza mwaka wa kwanza, wakiketi na watoto waliotoka Kidato cha Nne juzi. Piga hesabu: miaka 3 ya stashahada, 5 ya digrii, 1 ya mafunzo kazini. Tisa. Aliyeingia moja kwa moja hutumia 6.

Marekani mpango ni mwingine. Chuo cha jamii kule humpa mwanafunzi masomo ya msingi kwa miaka 2 hivi, kemia ya kaboni ikiwemo, na miaka hiyo huhesabiwa anapoingia shule ya famasia. Hata mtihani wao wa kujiunga, PCAT, umeondolewa; ulifanywa mara ya mwisho Januari 2024. Kwetu stashahada inakupa mkate mapema, lakini haikupunguzii ngazi.

Sasa mchukue kijana wa Mowlem aliyepata wastani wa C katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili. Mlango wa moja kwa moja wa chuo kikuu unadai C+, hivyo KMTC ndiyo njia yake. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na wengi hugundua wakiwa wamechelewa. Chuo kikuu kitatazama daraja la stashahada, na kufaulu tu hakutoshi pale wanapotaka "credit". Kisha kitarudi kwenye cheti cha KCSE. Stashahada haifuti alama ya kemia ya shule ya upili. Wapo wanaorudia KCSE kama watahiniwa wa kibinafsi huku wameajiriwa. Naona hao ndio wanaoelewa mchezo. Tanzania mambo yako wazi zaidi: mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hutaja GPA ya stashahada inayohitajika, kozi kwa kozi, na mwanafunzi anajua analenga wapi tangu muhula wa kwanza.

Halafu pesa. Mfumo wa KUCCPS wa kuwapangia wanafunzi vyuo umejengwa juu ya matokeo ya KCSE, kwa hiyo mwenye stashahada kwa kawaida hutuma maombi chuoni mwenyewe na kujilipia, njia ambayo Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua 1998. Leseni ya fundi sanifu ndiyo inayomwokoa: darasani mchana, kemisti usiku na wikendi. Inachosha vibaya, hasa mihadhara inapogeuka kuwa raundi za wodini. Lakini mwenzake aliyetoka Kidato cha Nne hana leseni ya kumlipia ada.

Ukiahidiwa kwamba utaruka mwaka, dai barua inayotaja masomo uliyosamehewa. Hakikisha pia kwamba chuo cha stashahada kimo katika orodha ya Bodi ya Famasia na Sumu. Vyuo vya orofani juu ya maduka havikosekani Eastlands. Na kabla ya kulipia fomu yoyote, toa cheti cha KCSE kabatini usome mstari wa kemia.